Jani

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Huinama, nikafunua kifuniko, nikapangusa tope kwa kidole gumba,
nikaandika tarakimu sita, nikaenda zangu.
Miaka tisa nimeijua Nairobi kwa magoti.

Sijui ni lini hasa nilianza kuinua kichwa.
Labda ni Pangani, asubuhi ya Julai, baridi inang'ata masikio,
mbwa ananibwekea nyuma ya geti jeusi,
nami kwa kumngoja mwenye nyumba ashuke na ufunguo
nikalitazama geti:
nondo zimepindwa mawimbi, mawimbi yameshikana mikono,
na chini, kona ya kushoto,
pasipotazamwa na yeyote ila mbwa na msoma mita,
jani.
Jani moja la chuma, saizi ya sikio la mtoto,
limelala upande kama limechoka.

Nikalichora pembeni mwa daftari la kampuni,
karibu na 004713.

Wiki mbili baadaye, Buruburu, dirisha la jikoni:
grili ya miale, nusu jua likichomoza kwenye sinki,
na jani.
Kariobangi, mlango wa duka la dawa. Jani.
Umoja, kizimba cha kuku,
kizimba cha kuku, jamani!
pale waya unapokutana na bawaba.

Toka hapo mji ukanibadilikia.
Viraka vya lami Barabara ya Jogoo,
vyeusi juu ya kijivu, kitenge kilichoanikwa na mtu asiyerudi.
Fundi viatu wa Burma na nyuzi zake msumarini,
kutoka rangi ya chai ya maziwa hadi rangi ya usiku wa stima kupotea.
Mabati ya Mukuru yaliyotoka viwandani na maandishi yake,
herufi zimesimama kichwa chini, hazioni haya.
Msimamizi akaniuliza mbona madaftari yangu yana maua.
Nikamwambia si maua.

Jumamosi nikaingia Kamukunji,
kule nyundo hazinyamazi na sikio likichoka kusikia
kifua hupokea zamu.
Nikaonyesha mchoro. Wakacheka.
Kijana mmoja akanyoosha bisibisi: "Hilo ni la Syombua."

Mama wa miaka hamsini na kitu, aproni ya gunia,
miwani myeusi imepandishwa juu ya leso.
"Umekuja kudai?"
"Nimekuja kuuliza jani."
Alicheka mpaka akakaa juu ya pipa.

"Geti langu la kwanza nilikata nondo fupi.
Inchi mbili! Pesa ya nyingine sina,
mwenye geti yuko njiani na mkokoteni.
Nikaokota kipande cha bati, nikakikunja, nikaziba pengo.
Akaja, akainama, akasema: Mama, na hili jani,
utaniongezea bei?
Nikaongeza."

"Na haya mengine? Yote ulikosea?"

Akashusha miwani.
"Mengine ni ili nisisahau."

Nisisahau nini, hakusema,
ile nondo au ile nyongeza.
Cheche zikaruka, nikageuza uso;
mwanga ule hautazamwi.

Leo ni Jumatatu. Kayole, njia nisiyoizoea.
Geti la bati tupu, halina wimbi, halina jua.
Nimetafuta kona ya kushoto: hamna.
Lakini rangi ya kijani imechubuka,
chini yake nyekundu, chini ya nyekundu samawati,
na chini kabisa, mkwaruzo mweupe wa msumari,
urefu wa mtoto aliyepimwa, akapimwa tena juu kidogo,
akapimwa mara ya tatu, halafu basi.
Nimesimama.

"Nani?" sauti ya ndani.
"Mita."
Komeo limelia. Bibi ametoa kichwa,
amenitazama, ameutazama ukuta wake mtupu,
amenitazama tena.
"Mita iko hapo nyuma yako, baba.
Umeikanyaga."